Mwaka Tuliosomewa Damu

Lemaiyan alipokufa nilikwenda mazishini kwake, nje kidogo ya mji wa Kajiado, ili nihakikishe. Najua si vizuri kusema hivyo juu ya marehemu, na yule mama wa kanisani aliyeketi karibu nami angenifinya paja kama angejua nilichokuwa nawaza. Lakini nimefika umri wa kuchoka na adabu za namna hiyo. Hema zilikuwa zimepangwa vizuri, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe, na kwenye kijitabu cha mazishi waliweka picha ile ile aliyokuwa ameitundika ukutani kule Kitengela: koti jeupe, kalamu mfukoni, macho yakitazama mbali kama ya mtu anayeona yajayo. Chini ya picha waliandika "Daktari". Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa maabara kama mimi, kazi ambayo haina aibu yoyote, ila yeye aliionea aibu maisha yake yote. Moyo ndio uliomuua, walisema. Nilishangaa kidogo kusikia alikuwa nao.

Nilimfanyia kazi mwaka mmoja tu, mwaka ule wa korona, nikiwa na miaka ishirini na tatu na diploma yangu bado inanuka wino. Tangu wakati huo nimefanya kazi na watu wengi, na wengi wao nimewasahau. Yeye sijamsahau kwa sababu ndiye aliyenifundisha kudharau. Kabla ya hapo nilikuwa najua kukasirika tu, na hasira hupoa. Dharau haipoi. Inakaa ndani ya mtu kimya kimya, inakula naye, inalala naye, na miaka inapopita unagundua kwamba imekusaidia kuwatambua watu wa aina yake wakiwa bado mlangoni.

Maabara yake ilikuwa chumba cha chini katika jengo la ghorofa, kwenye barabara ya nyuma ambayo haikuwa imewahi kuona lami, kati ya duka la dawa za mifugo na kinyozi. Asubuhi punda wa maji walipita na mikokoteni yao, vumbi likaingia hadi ndani ya droo, na kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kupangusa mashine. Nyuma kulikuwa na ua mdogo wa saruji, na ng'ambo ya ua ndipo alipoishi na mkewe. Mimi nilipewa chumba kilichobanwa kando ya sebule yao. Kilikuwa stoo, na hata baada ya mimi kuhamia kiliendelea kuwa stoo. Nililala katikati ya makatoni ya chupa za sampuli na glavu. Ukuta uliotutenga na sebule ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilisikia kila kitu: taarifa ya habari, kijiko kikigonga kikombe, Lemaiyan akijisifu.

Mkewe aliitwa Mama Sanau, kwa jina la binti yao aliyekuwa akiishi Tuala. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, na ndiye aliyefanya mahali pale pakalike. Siku ya kwanza alinisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," nikabaki nimekodoa macho, akanifundisha kujibu "Iko," na kuanzia hapo hakuniacha nipite bila kunisalimia na kungoja jibu. Tulikula pamoja, sisi watatu, kwenye meza yao: ugali na matumbo, sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, chai ya maziwa matupu jioni. Lemaiyan alihudumiwa kwanza na alizungumza hadi sahani yake ilipokwisha. Mama Sanau alikula akimtazama jinsi mtu anavyotazama mvua kupitia dirishani, akingoja iishe atoke nje.

Ugonjwa ulipofika, watu walianza kuja kwetu wakikohoa. Kipimo chenyewe cha kirusi hatukuwa nacho. Sisi tulipima damu. Na hapa lazima niseme ukweli wote, kwa sababu uongo wa Lemaiyan ulijengwa juu ya kitu cha kweli. Madaktari wa kila nchi walikuwa wamegundua kwamba damu ya mgonjwa inaweza kuonya mapema. Chembe fulani za kinga zikipungua sana, protini inayoonyesha mwili umewaka moto ikipanda, na kile kipimo cha damu kuanza kuganda ovyo nacho kikipanda, basi mgonjwa huyo yuko katika kundi la wale wanaoweza kuzidiwa. Kipimo cha kuganda kinaitwa di-dimer, wateja wetu walikiita "daima", wakaja dirishani wakisema, "Nipimie ile daima." Hizo alama zilikuwa na maana, na bado zina maana. Zinamwambia daktari, huyu mwangalie sana. Lemaiyan alizifanya hukumu.

Alianza taratibu. Mwanzoni alisoma majibu na kuyatia sahihi kama mtu yeyote. Kisha akaanza kutoka nje ya kaunta, akaweka kidole kwenye namba moja baada ya nyingine, akafumba macho kidogo, akasema, "Huyu atatoboa." Au akashusha pumzi na kusema, "Huyu, mjiandae." Basi. Watu wakaanza kuja kutoka Kisaju, kutoka Isinya, hata Ngong, si kwa sababu mashine yetu ilikuwa bora kuliko ya wengine bali kwa sababu ya kile kidole. Mtu fulani akamrekodi kwa simu na video ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa. Makanisa yaliporuhusiwa kukutana tena, mchungaji mmoja akamwalika afundishe juu ya uhai kuwa ndani ya damu. Alinunua koti jipya kwa ajili hiyo. Nilimsikia kupitia ukuta akifanya mazoezi ya kufumba macho. Naam, kufumba macho husikika, kama mtu ananyamaza ghafla katikati ya sentensi halafu anamuuliza mkewe, "Hapo ilikuwa sawa?"

Kilichonichosha zaidi ni kwamba walimpenda. Walimu, mawakala wa mashamba, mtu mmoja mwenye digrii mbili ambaye hakuchoka kuzitaja, wote walisimama mbele ya kaunta mikono nyuma kama watoto wa shule, wakingoja kuambiwa kama baba yao ataishi. Daktari wa kweli angewaambia, "Sijui, tutaangalia," na wangemwona hajasoma. Walitaka mtu anayejua. Hawakujali anajua nini. Siku moja, tukifunga, nilimuuliza, "Daktari, na wale ambao majibu yao yalikuwa mabaya halafu wakapona?" Alikuwa ananawa mikono. Akasema, bila kugeuka, "Hao hawarudi kuniambia." Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, ndiyo ilikuwa hesabu yake yote.

Ndipo akaja Mzee Sankale. Alikuja kwa miguu yake, shuka chini ya koti, rungu mkononi, akiwa na binti yake Resiato aliyekuwa kama umri wangu. Mzee alikohoa kwenye kiwiko kama serikali ilivyotaka, akaniomba msamaha kwa kukohoa, na nilipomchoma sindano akaniambia mkono wangu ni mwepesi. Majibu yalikuwa mabaya, sitadanganya. Lemaiyan akatoka nje ya kaunta, akaweka kidole chake, akafumba macho, na akasema mbele ya mwenye damu, "Hii damu imeshaamua."

Mzee akacheka. "Imeamua bila kuniuliza?"

Resiato hakucheka. "Kwa hivyo tumpeleke hospitali gani?"

"Hospitali mtapeleka mali yenu tu," Lemaiyan akasema, kwa ile sauti yake ya kanisani. "Mpeleke nyumbani akae na watu wake. Mimi nimeona nyingi."

Nikasema, "Labda wangemwekea oksijeni kwanza."

"Mwende," akaniita kwa jina langu, "chupa zinakungoja."

Resiato alinitazama, akamtazama yeye, akaitazama ile picha ukutani, koti jeupe na macho ya mbali. Picha ikashinda. Alimshika baba yake mkono wakatoka, na mzee alinipungia rungu kutoka barabarani. Alikufia nyumbani kwake Kisaju. Sijui kama oksijeni ingemwokoa, na mtu akinibana sana nitakubali kwamba pengine isingemwokoa. Wengi waliofika hospitali walikufa pia. Lakini hakupewa nafasi ya kufa akijaribu kuishi. Aliambiwa aende akangoje, naye akaenda akangoja.

Tulijua kwa sababu Resiato alikuja siku moja kununua dawa ya minyoo ya mbuzi duka la jirani, akaingia kwetu akiwa na mfuko mkononi. Alisimama mlangoni na kusema baba alishazikwa. Hakuwa amekuja kulaumu. Nadhani alitaka tu kumwambia mtu aliyekuwepo. Lemaiyan akainua uso kutoka kwenye simu yake, na uso huo ulikuwa unang'aa, siwezi kutafuta neno lingine. "Si nilikwambia?" akasema.

Resiato akasema, "Ulisema, ndio," akaenda zake. Jioni hiyo, mezani, Lemaiyan alimsimulia mkewe habari hiyo kati ya tonge na tonge, jinsi alivyoona, jinsi alivyosema, jinsi ilivyotimia. Mama Sanau akamuuliza, "Huyo msichana amebaki na nani?"

"Nitajuaje mimi?"

Mama Sanau akasimama akakusanya sahani. Ya mumewe bado ilikuwa na chakula.

Haukupita muda mrefu, nikasikia kikohozi kingine kupitia ukuta wa mbao. Kilikuwa kikavu na kifupi, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Kilikuwa cha Mama Sanau. Asubuhi Lemaiyan akasema ni vumbi. Siku iliyofuata akasema ni moshi wa jiko, nyumba ambayo ilipikia gesi. Akamchemshia tangawizi na limau, akamfunika blanketi ajifukize, na akawa anaongeza sauti ya televisheni. Nilimsikia mkewe akisema, kwa utulivu, "Si unipime basi kama unavyopima wengine?"

"Nikupime nini? Wewe si mgonjwa."

"Niko na kifua."

"Kila mtu Kitengela ako na kifua."

Kesho yake mchana, Lemaiyan akiwa amekwenda nyuma kula, Mama Sanau alizunguka jengo akaingia kwa mlango wa mbele kama mteja. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akapandisha mkono wa sweta. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda.

"Nitoe damu."

"Mama, Daktari amesema wewe si mgonjwa."

"Daktari gani?" akauliza.

Nikamtoa damu. Nilipima, kisha nikapima tena nikitumaini mashine imekosea, na mashine haikuwa imekosea. Chembe zilikuwa zimeshuka, protini imepanda, na ile daima ilikuwa juu kuliko ya Mzee Sankale. Nikavuka ua na karatasi. Lemaiyan alikuwa peke yake mezani, ugali na matumbo mbele yake, mikono ya shati imekunjwa vizuri.

"Ni ya Mama," nikasema.

"Toa hiyo kitu hapa mezani. Nakula."

"Daktari, ni lazima uangalie."

"Nimesema nakula." Niliiweka kando ya sahani yake. Akaigeuza uso chini kwa kidole kimoja, kile kile, akamega tonge jingine. Nilikaa pale nikimtazama akitafuna. Mtu huyu alikuwa amewaambia watoto wa watu, hadharani, foleni nzima ikisikiliza, kwamba mzazi wao anakufa. Na sasa hakuweza kusoma mistari mitatu. Nimewahi kuambiwa na watu wenye huruma kuliko mimi kwamba pale ndipo ningepaswa kumwonea imani, kwa sababu alikuwa anaogopa. Bila shaka alikuwa anaogopa. Hilo ndilo lisilosameheka. Alijua kabisa maneno yale yanavyouma, alijua kiasi cha kutoweza kuyasikia mwenyewe, na bado aliwagawia wengine kama peremende. Kama angelia ningemheshimu. Alichovya tonge kwenye mchuzi.

Nikarudi kwa Mama Sanau. "Damu yako si nzuri," nikamwambia. "Sijui italeta nini kwako, na hakuna anayejua. Lakini heri twende leo, si kesho."

Hakuuliza zaidi. Alimpigia simu kaka yake, Parsaloi, aliyekuwa na pikapu ya kubebea kondoo pale Isinya, na Parsaloi akaja na kondoo wawili bado nyuma, hakuwa na pa kuwaacha. Mama Sanau aliingia ndani kuchukua leso yake. Nilisikia mlango wa sebule, nikasikia televisheni, sikusikia neno. Alipotoka, Lemaiyan hakumsindikiza hata hadi langoni. Tulishika barabara ya Namanga, madirisha wazi, mimi nyuma na kondoo.

Hospitalini Kajiado, daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana mwenye alama za barakoa zilizochimba mashavu. Nikampa karatasi na kuanza kumweleza kila namba, kwa haraka, kama ninayejitetea. Aliipitia, akaiweka kando, akambana Mama Sanau kidole kwa kile kifaa kidogo cha kupimia hewa, akatazama, akaita kitanda. Ilikuwa chini mno, ingawa mgonjwa mwenyewe alikuwa ameketi akiongea na kuuliza choo kiko wapi. Nilimuuliza daktari kile ambacho kila mtu alimuuliza Lemaiyan: atapona?

"Hii karatasi inaniambia nisimwache arudi nyumbani," akasema. "Haijaniambia kingine. Mengine tutaona yeye na sisi." Kisha akamfunga barakoa ya oksijeni, akamlaza kifudifudi, na akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hakufumba macho hata mara moja.

Mama Sanau alikaa kule muda mrefu wa kutosha Kitengela kuanza kuuliza. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia wodini, na hilo lilimfaa Lemaiyan vizuri sana. Alilitaja kwa kila mteja, kwa huzuni. Hakuwahi kufika hata getini. Mimi na Parsaloi ndio tuliopeleka maziwa na supu, tukimkabidhi askari wa lango, naye akarudi na chombo kitupu, na chombo kitupu ndiyo ilikuwa habari yetu njema. Alipoanza kupata nafuu ndipo nikasikia, nikiwa nyuma nimeshika trei ya sampuli, Lemaiyan akimwambia mama mmoja dirishani, "Hata wangu nilimshika mapema. Nisingeisoma ile damu mwenyewe, saa hii mngekuwa mnaniletea pole." Yule mama akasema Mungu ambariki. Niliweka trei chini taratibu, kwa sababu damu ile ilikuwa ya watu.

Siku aliyotoka hospitalini, Mama Sanau alishuka kwenye pikapu ya Parsaloi akiwa mwembamba kama fimbo, akisimama kila hatua chache kuvuta pumzi. Nilikuwa nimejiandaa kumsaidia kufunga nguo zake aondoke. Nilikuwa hata nimetoa chupa kwenye makatoni mawili. Lemaiyan alikuwa amesimama mlangoni akasema, "Karibu," kama mwenye hoteli. Yeye akampita, akaingia jikoni, akainua kifuniko cha sufuria, akauliza ni nani aliyeiunguza. Nikarudi chumbani nikarudisha chupa zangu. Mwaka ulipoisha nilipata kazi Ngong na nikaondoka, na kwa miaka yote iliyofuata niliwaona mara chache, hadi walipojenga Kajiado na kuhamia huko.

Mazishini, msomaji wa wasifu alifika kwenye habari ya korona akapandisha sauti. Alisema marehemu aliokoa watu wasiohesabika kwa kusoma damu zao, na wa kwanza kabisa alikuwa mke wake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akachukua kipaza sauti akampelekea mjane, amshuhudie mumewe kwa maneno mawili. Mama Sanau akasimama. Nywele zake zimekuwa nyeupe, mgongo wake bado umenyooka.

"Damu yangu ilitolewa na yule msichana pale," akasema, akininyooshea mkono, "na Parsaloi akanipeleka hospitali na kondoo. Siku hiyo mume wangu alikuwa anakula."

Hema nzima ikacheka. Walicheka kwa mapenzi, wakapigana mabega, na yule mama wa kanisani akafuta machozi akisema, "Huyo ndiye Daktari, alipenda chakula!" Mama Sanau alingoja kicheko kiishe. "Alikuwa anakula," akarudia, polepole, kama anayemsomea kiziwi. Wakacheka tena, zaidi. Mchungaji akasema hata katika huzuni Mungu hutupa furaha, akapokea kipaza sauti, na wasifu ukaendelea pale ulipoachwa.

Baada ya maziko nilimkuta Mama Sanau amekaa kwenye kiti nyuma ya nyumba, mahali kivuli kilipofika, viatu amevua. "Takwenya," akaniambia kabla sijafungua mdomo, akangoja mpaka nikajibu. Nikaketi chini karibu na miguu yake. Nilikuwa na swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu ile siku aliyotoka hospitalini, na sikuona sababu ya kuendelea kulibeba.

"Mama, kwa nini ulirudi kwake?"

Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Mimi sikurudi kwake, Mwende. Nilirudi kwa nyumba yangu, nikampata bado ako ndani."

Vijana walikuwa wameanza kushusha hema na kupanga viti kwenye lori. Aliwatazama kwa muda, akinyoosha vidole vya miguu kwenye vumbi kimoja kimoja.

"Leo," akasema, "nitalala katikati ya kitanda."